Kompyuta ya shambani: Vyama vya kahawa Karagwe na Kyerwa vichague ipi?

KILA msimu wa kahawa unapofunguliwa mkoani Kagera, makarani wa vyama vya msingi vya ushirika katika wilaya za Karagwe na Kyerwa hurudi kwenye kazi ileile: kupima magunia ya maganda, kuandika jina la mkulima, uzito, tarehe na kiasi anachodai. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa kwa kalamu na daftari kubwa la leja. Sasa vyama vingi vinataka kuhamia kwenye kompyuta, na vingine vimeshahama.

Swali ambalo huulizwa kwa kuchelewa, mara nyingi baada ya fedha kutoka, ni kompyuta gani inunuliwe. Kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya meza ya ofisi mjini, yenye umeme wa uhakika na sakafu ya vigae, haina maisha marefu mikononi mwa karani anayeibeba mgongoni kwenye bodaboda kutoka Nkwenda hadi Kaisho. Aidha, gharama ya leseni za programu huongeza bei ya kifaa kwa kiasi ambacho chama kidogo hakikukiweka kwenye bajeti.

Kutokana na hali hiyo, makala haya yanaangalia namna chama, kikundi cha wakulima au afisa ugani anavyoweza kuchagua kompyuta mpakato ngumu, nyepesi kubebeka, na inayokubali mfumo wa uendeshaji wa programu huria kama vile Ubuntu au Debian.

Kwa nini sasa?

Sababu ya kwanza inatoka sokoni. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayozuia kuingizwa kwa bidhaa zilizozalishwa kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Kahawa ni moja ya bidhaa saba zinazoguswa, pamoja na kakao, mawese, soya, mpira, mbao na ng'ombe. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini sharti lenyewe lipo: mnunuzi lazima aoneshe kahawa ilitoka shamba gani, kwa vipimo vya latitudo na longitudo. Shamba lisilozidi hekta 4 linatosha kuonyeshwa kwa nukta moja. Kubwa zaidi ya hapo linatakiwa kuchorwa mipaka yake.

Kwa Karagwe na Kyerwa, ambako wakulima wengi wana mashamba madogo ya kahawa iliyochanganywa na migomba, sharti hilo maana yake ni maelfu ya nukta. Chama Kikuu cha Ushirika Karagwe, KDCU, ambacho huuza kahawa pia kupitia mfumo wa biashara ya haki, na vyama vya msingi vilivyo chini yake, havina namna ya kutunza nukta hizo kwenye daftari.

Sababu ya pili ni ya ndani. Wakulima wa Kagera wanaijua vema butura, biashara ya kuuza kahawa ingali ua au changa kwa bei ya kutupa kwa sababu ya shida ya fedha. Mkulima mwenye rekodi safi ya mauzo ya misimu mitatu au minne ana kitu cha kuonyesha anapoomba mkopo. Asiye na rekodi hubaki na mnunuzi wa butura. Rekodi iliyopotea kwa sababu kompyuta ilianguka au diski iliungua ni hasara ya mkulima kabla haijawa hasara ya chama.

Sababu ya tatu ni mabadiliko katika soko la kompyuta zenyewe. Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 iliyofuata haikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi, kwa kuwa inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakato cha kizazi kipya. Kompyuta nyingi za maofisini, nzima na imara, zinaondolewa kazini kwa sababu hiyo tu na kuingia kwenye soko la mitumba. Kwa anayetumia programu huria, kompyuta hizo bado zina miaka mingi ya kazi.

Programu huria si ngeni

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi. Mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili, kuirekebisha na kuigawa bila kulipia leseni. Kiini cha Linux kilianzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Debian ilianza mwaka 1993, na Ubuntu, iliyoasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini juu ya msingi wa Debian, ilitoka mwaka 2004.

Tanzania haikuwa mtazamaji tu. Mwaka huohuo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Ilitoka kabla kampuni kubwa za biashara hazijatoa za kwao kwa Kiswahili.

Kwa kazi za chama cha ushirika, programu zinazohitajika zipo. LibreOffice huandika barua na kufanya mahesabu ya jedwali. QGIS, iliyoanza mwaka 2002, huchora ramani za mashamba kwa kutumia nukta zilizokusanywa kwa simu. Programu ya kibiashara ya kazi hiyo hudai leseni ya gharama kubwa. ODK, ambayo pia ni huria, hukusanya taarifa kwa simu ya kawaida ya Android hata pasipo mtandao, kisha kuzituma mtandao unapopatikana. Mifumo ya serikali inayofunguliwa kwa kivinjari cha intaneti, ukiwamo ule wa usimamizi wa vyama vya ushirika, kwa kawaida haijali kompyuta inatumia mfumo gani wa uendeshaji.

Hata hivyo, ni vema kusema ukweli. Chama ambacho tayari kinatumia programu ya uhasibu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows pekee, au majedwali ya Excel yenye makro nyingi, kisihame kwa pupa. Kwanza kijaribu faili zake halisi kwenye LibreOffice. Baadhi zitafunguka sawasawa, nyingine zitavurugika. Katika hali hiyo kompyuta moja ya mhasibu inaweza kubaki na Windows yenye leseni halali, na zile za shambani zikaenda na Linux.

Ugumu wa kifaa: maana ya namba

Wauzaji hupenda kutaja maneno mawili: kiwango cha kijeshi cha Marekani MIL-STD-810, na alama ya IP. Mnunuzi anapaswa kujua maana yake.

MIL-STD-810 ni mkusanyiko wa majaribio ya kuangushwa, mtikisiko, vumbi, joto, baridi na unyevu. Mtengenezaji ndiye huchagua ni majaribio gani afanye, na hakuna mamlaka moja inayotoa cheti. Kompyuta nyingi za kawaida za maofisini hutangazwa kuwa zimepita majaribio hayo. Tangazo hilo ni dalili nzuri, lakini lisichukuliwe kuwa ahadi kwamba kompyuta itaanguka kutoka kwenye pikipiki na kuinuka nzima.

Alama ya IP ni ya wazi zaidi. Tarakimu ya kwanza inaeleza vumbi, ya pili maji. IP65 maana yake vumbi haliingii kabisa, na kifaa kinastahimili maji yanayorushwa kwa bomba dogo. IP53 maana yake vumbi kidogo laweza kuingia bila kuzuia kazi, na matone ya mvua hayataleta madhara. Kompyuta isiyo na alama hiyo ichukuliwe kuwa haina kinga.

Karagwe na Kyerwa ziko kwenye nyanda za juu, hivyo joto si adui mkubwa kama ilivyo Pwani. Adui ni vumbi jekundu la barabara za udongo wakati wa kiangazi, ukungu na unyevu wa asubuhi, na mvua za misimu miwili. Vumbi huingia kwenye feni, feni hushindwa kupoza, na kompyuta huzimika au kuungua. Wengi hudhani ni virusi.

Makundi matatu

Kimsingi mnunuzi ana makundi matatu ya kuchagua.

Kundi la kwanza ni kompyuta ngumu hasa, kama vile Panasonic Toughbook, Getac na Dell Latitude Rugged. Zina mwili wa madini ya magnesi, vifuniko kwenye kila tundu, na kioo kinachosomeka juani. Toughbook zilianza kutengenezwa mwaka 1996 na nyingi za zamani zinafanya kazi na Linux. Tatizo ni bei na uzito: Toughbook CF-31 ina zaidi ya kilo 3. Karani anayetembea kutwa ataichoka, na atakapoichoka ataiacha ofisini.

Kundi la pili ni kompyuta za daraja la maofisini zilizotumika, kama Lenovo ThinkPad za jamii ya X na T, Dell Latitude na HP EliteBook. Hazina alama ya IP, lakini zina bawaba imara, na ThinkPad nyingi zina njia ya kupitisha maji yakimwagika kwenye kibodi. Vipuri vyake hupatikana kwa urahisi kwa sababu zilitengenezwa kwa wingi, na betri, diski na RAM vingi hubadilishwa kwa bisibisi tu. ThinkPad X270 na T470 za mwaka 2017, kwa mfano, zina betri mbili: moja ndani na moja ya nje inayochomolewa bila kuzima kompyuta. Kwa sehemu isiyo na umeme, hilo ni jambo kubwa.

Kundi la tatu ni kompyuta mpya za bei nafuu zilizotengenezwa kwa plastiki nyepesi. Zinavutia kwa kuwa ni mpya na zina warantii. Lakini nyingi zina RAM na diski zilizolehemewa kwenye bodi, hivyo kikiharibika kimoja huondoka na kompyuta nzima. Nyingine zina uhifadhi wa gigabaiti 32 au 64 tu, ambao hujaa baada ya masasisho machache.

Hesabu ya gharama

Bei ya dukani ndiyo huangaliwa kwanza, lakini gharama ya kweli ni bei ikigawanywa kwa miaka ya matumizi. Tuchukue mfano wa hesabu, ambao kila chama kinaweza kuweka bei zake chenyewe.

Tuseme kompyuta mpya ya plastiki inauzwa Sh800,000 na kudumu miaka 2 shambani: gharama ni Sh400,000 kwa mwaka. Tuseme ya ofisini iliyotumika inauzwa Sh600,000, ikaongezwa betri mpya ya Sh120,000 na diski mpya ya SSD ya Sh80,000, jumla Sh800,000, ikadumu miaka 4: gharama ni Sh200,000 kwa mwaka. Tuseme iliyo ngumu hasa inauzwa Sh2,400,000 na kudumu miaka 8: gharama ni Sh300,000 kwa mwaka.

Katika mfano huo kundi la pili linashinda. Hata hivyo matokeo hubadilika iwapo kompyuta itatumika kila siku kwenye mvua na vumbi, au iwapo kuharibika kwake katikati ya msimu kutasimamisha malipo ya mamia ya wakulima. Hapo kompyuta ngumu moja kwa kituo kikuu cha kukusanyia kahawa huweza kulipa gharama yake. Kwa vituo vingine, iliyotumika pamoja na begi lenye sponji na mfuko wa nailoni usiopitisha maji inatosha.

Jambo moja lisisahaulike: iwapo kazi ni kukusanya majina na nukta tu, simu ya Android inatosha. Kompyuta inahitajika pale taarifa zinapounganishwa, kukaguliwa, kuchorwa ramani na kuchapishwa. Chama chenye vituo kumi hakihitaji kompyuta kumi.

Umeme na mwanga wa jua

Kagera kwa muda mrefu imetegemea umeme unaotoka Uganda kupitia njia ya Masaka hadi Kyaka. Kukatika kwa umeme, au kushuka na kupanda kwake, si habari ngeni Kayanga wala Omurushaka, na vitongoji vingi viko mbali na nguzo. Kwa hiyo betri ni kigezo cha kwanza, si cha mwisho.

Kompyuta ndogo ya inchi 12 hadi 14 kwa kazi za kuandika na majedwali hutumia takriban wati 8 hadi 12. Betri zenye jumla ya wati-saa 95, kama za X270 ikiwa na betri kubwa ya nje, zikiwa mpya zitaipeleka karani saa 8 au zaidi.

Paneli ya jua ya wati 100 ikipata jua kali kwa saa 4 hutoa wati-saa 400. Ukitoa upotevu wa theluthi moja, hubaki kama 270. Kompyuta moja kwa siku nzima hutaka takriban 100. Maana yake paneli moja hulisha kompyuta mbili na simu kadhaa, ilimradi ichajiwe moja kwa moja kutoka betri ya volti 12 kwa chaja ya USB-C. Kupitisha umeme kwenye inveta kwanza ili kuugeuza volti 230, kisha chaja iurudishe chini tena, ni kupoteza umeme mara mbili. Hiyo ndiyo faida ya kuchagua kompyuta inayochajiwa kwa USB-C. Lakini tundu lake lishikwe kwa uangalifu, kwani likilegea ukarabati wake ni wa bodi.

Kioo nacho kina umuhimu. Kioo cha kawaida hakisomeki kwenye jua la mchana, na karani huishia kufanya kazi ndani ya ghala lenye vumbi. Asiyeweza kununua kioo cha juani achague angalau kisichong'aa kama kioo cha kujitazamia.

Pima kabla ya kulipa

Uzuri wa Linux ni kwamba inaweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa. Mnunuzi aende dukani na flashi yenye Ubuntu au Linux Mint, aiwashe kompyuta nayo, na akague yafuatayo:

Kwanza, wai-fai. Kadi za Intel kwa kawaida hutambuliwa mara moja. Baadhi za Broadcom na Realtek husumbua. Pili, afunike kompyuta ilale, kisha aifunue aone kama inaamka. Tatu, sauti, kamera, vitufe vyote vya kibodi na matundu yote ya USB. Nne, modemu ya intaneti au simu iliyounganishwa kwa waya. Tano, afya ya betri: mfumo huonyesha uwezo wa sasa ukilinganishwa na wa awali, chini ya asilimia 60, bei ishuke au betri ibadilishwe. Sita, afya ya diski. Saba, aingie kwenye mipangilio ya BIOS. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, aiache kompyuta hiyo, kwani huenda ni ya wizi au imefungwa na mwajiri wa zamani.

Aepuke kadi za picha za Nvidia iwapo hana kazi inayozihitaji, kwa kuwa hula betri na huleta usumbufu kwenye Linux. RAM isipungue gigabaiti 8, na diski iwe SSD ya gigabaiti 256, maana diski ya zamani inayozunguka haivumilii mtikisiko wa barabara. Printa nayo ipimwe siku hiyohiyo. Nyingi za HP zina msaada mzuri kwenye Linux. Na risiti idaiwe.

Somo kutoka ng'ambo ya mto

Ng'ambo ya Mto Kagera, Rwanda ilianza mwaka 2008 mpango mkubwa wa kompyuta ndogo za XO kwa wanafunzi, na kusambaza zaidi ya 200,000. XO ilikuwa kompyuta ya kijijini hasa: kilo 1.5, haina feni, kibodi ya mpira isiyopitisha vumbi, kioo kinachosomeka juani, umeme kidogo, na ndani yake Linux. Pamoja na ubora huo, mahali ambako umeme haukuwepo, walimu hawakufunzwa au vipuri havikupatikana, kompyuta zilikaa kabatini.

Somo kwa vyama vya Karagwe na Kyerwa ni kwamba kifaa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni watu. Kabla ya kununua, chama kitambue ni nani Kayanga, Nkwenda au Murongo anayeweza kufungua kompyuta na kubadilisha feni, na kimpeleke kijana mmoja au wawili wajifunze Linux. Kompyuta zote ziwe za aina moja, ili ile itakayokufa iwe ghala la vipuri vya nyingine. Masasisho yapakuliwe na kompyuta moja ya ofisini, nyingine zichukue kutoka kwayo, ili kuokoa fedha za bando.

Taarifa za wakulima

Majina, namba za simu na nukta za mashamba ni mali ya wakulima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde. Wakati wa kusakinisha Ubuntu au Debian kuna chaguo la kufunga diski nzima kwa nywila. Lichaguliwe. Kompyuta ikiibwa, mwizi atapata chuma na plastiki tu.

Nywila hiyo iandikwe na kufungiwa kwenye kasha la chama, kwani ikisahauliwa hakuna fundi wa kuifungua. Na kila Ijumaa nakala ya kumbukumbu zote ichukuliwe kwenye diski ya nje inayotunzwa mahali tofauti na kompyuta. Kwa chama kinachotarajia kupokea kahawa msimu ujao, ununuzi ufanyike mapema na karani apewe angalau miezi miwili ya kuizoea kompyuta sambamba na daftari. Daftari lisiwekwe pembeni hadi mahesabu ya pande zote mbili yalingane.